Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: uuguzi wa watu wazima kwenye wodi ya magonjwa ya ndani, Mwanza

Wanaoniuliza maswali haya ni wa aina mbili: wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, na ndugu wa wagonjwa wanaokaa kwenye vitenge nje ya wodi wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Nimeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu mgonjwa wa wodi ya ndani anauguzwa na wote wawili. Dozi zinaandikwa na daktari kwa kufuata mwongozo wa matibabu. Mimi naeleza kazi ya mkono wa muuguzi.

Wodi ya magonjwa ya ndani ni ya wagonjwa gani?

Kwa kifupi, wale ambao hawapasuliwi. Presha, sukari, moyo kushindwa kazi, figo, ini, kiharusi, kifua kikuu, malaria kali, selimundu, homa ya uti wa mgongo. Wodi ya upasuaji kidonda unakiona na unajua kinapona au kinaoza. Huku kwetu ugonjwa umejificha ndani, unajitokeza kwa vitu vidogo: pumzi, mkojo, rangi ya kiganja, maneno yanayoanza kuchanganyika. Ndiyo maana majibu yangu karibu yote yanarudi kwenye kuangalia.

Nikipokea zamu nianze wapi?

Kitandani. Faili litakusubiri. Pita kitanda kwa kitanda na yule anayekukabidhi, na kila mgonjwa msalimie kwa jina. Anayekujibu sentensi nzima bila kukata pumzi, akakutazama machoni na kukuambia hajalala kwa sababu ya jirani yake, huyo kwa sasa yuko salama. Anayekuitikia kwa kichwa tu, rudi kwake kwanza.

Kisha hesabu pumzi. Nitasema bila kuficha: kitu kinachodanganywa kuliko vyote kwenye karatasi za vipimo ni pumzi. Fungua faili kumi wodi yoyote utaona 20, 20, 20, kama vile wagonjwa wote walikubaliana. Presha ina mashine, joto lina kipimajoto, lakini pumzi inataka usimame dakika nzima ukitazama kifua, na mwanafunzi mwenye wagonjwa thelathini anaona hiyo dakika ni ndefu. Na ndiyo inayobadilika mapema. Mgonjwa wa nimonia au mwenye sumu ya vijidudu kwenye damu ataanza kupumua 26 au 28 wakati presha yake bado inakupendeza. Shika kifundo cha mkono kama unapima mapigo, usimwambie unahesabu pumzi, maana akijua ataibadilisha.

Vipimo vya kawaida ni vipi, na lini nimwite daktari?

Mtu mzima aliyetulia: pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, mapigo 60 hadi 100, joto kati ya 36.5 na 37.5, oksijeni kwenye kidole 95 na kuendelea. Presha ya juu (namba ya kwanza kati ya zile mbili) ikishuka chini ya 90, mapigo yakipita 120, pumzi zikifika 25, oksijeni ikiwa chini ya 92, au mtu aliyekuwa anaongea vizuri akaanza kuropoka, usisubiri raundi ya asubuhi. Piga simu, na unapopiga sema namba. "Dokta, mgonjwa hali yake si nzuri" ni sentensi inayomruhusu daktari kugeukia upande wa pili. "Presha 84 kwa 50, mapigo 128, hajakojoa tangu saa sita" inamwamsha.

Jambo moja wanafunzi hulisahau: linganisha na jana yake. Mzee mwenye presha ya 170 kila siku, leo ukamkuta na 110, usifurahi.

Dawa ya "kutwa mara tatu" ni saa ngapi hasa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa nimewahi kuumiza mtu.

Karatasi ya dawa ya wodini inaandikwa kwa saa za kizungu, 06:00, 14:00, 22:00. Sisi tunaishi kwa saa za Kiswahili. Kila baada ya saa nane maana yake ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Kila baada ya saa kumi na mbili ni rahisi zaidi, kwani namba inajirudia: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Mhudumu akisoma 08:00 kwa haraka mdomo wake unasema "saa nane". Ndugu anasikia saa nane, na saa nane anayoijua yeye ni ya mchana.

Miaka mingi iliyopita niliruhusu mgonjwa wa sukari, mvuvi wa makamo, arudi kwao kisiwani na insulini. Kwenye kipande cha karatasi niliandika "8:00 na 8:00", nikamweleza achome nusu saa kabla ya kula. Alikuwa mtiifu. Alichoma saa nane mchana, na akajiwekea mlio wa simu akaamka kuchoma saa nane usiku. Chakula cha saa nane usiku hakikuwepo, akalala tena. Siku ya tatu alifika kwa boti akiwa hajitambui, jasho limelowanisha shati. Alipona. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake, na mwandiko ulikuwa wangu.

Tangu siku hiyo simwandikii mtu namba tupu. Naandika "asubuhi kabla ya chai" na "jioni kabla ya ugali", halafu namwomba anieleze yeye atafanyaje. Akinijibu "nimeelewa, sista", hajanijibu. Na "1x3" ya kwenye bahasha ya vidonge isomwe kwa sauti mbele yake: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Nimeshakutana na aliyemeza vitatu kwa mara moja.

Sukari ikishuka nifanye nini?

Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na mgonjwa anaweza kumeza: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida kama nusu chupa, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikipanda, mpe chakula kamili, maana sukari ya kijiko haikai. Kama hajitambui, usimtie kitu chochote mdomoni, hata asali, hata kama mama yake amesimama hapo analia. Anahitaji glukosi ya mshipani, na mshipa uwe mzuri kweli, kwani glukosi ya asilimia 50 ikivuja nje inaunguza nyama. Mtu yeyote anayeletwa akiwa amezimia, mwenye malaria kali, au mlevi aliyeokotwa, apimwe sukari kabla ya mambo mengine. Ni tone moja la damu.

Mbona huku Ziwa watu wengi wanatapika damu?

Swali zuri, na mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine lazima alijue mapema. Kwingine mtu akitapika damu nyingi watu hukimbilia kufikiria pombe au vidonda vya tumbo. Huku, hasa akiwa mvuvi, mchuuzi wa dagaa au mkazi wa Ukerewe, Kome, Sengerema au kandokando ya Magu, fikiria pia kichocho cha tumbo.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Konokono wa maji baridi hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuvua, kuoga, kufua au kuchota. Minyoo hukomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, ikitaga mayai miaka na miaka. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na ini linajenga makovu kuzunguka mishipa. Damu inayotoka tumboni inakosa njia. Inatafuta njia za pembeni, na mojawapo ni mishipa ya umio, ambayo inavimba kama mizizi. Siku moja mmoja unapasuka. Bandama nalo huwa limekua hadi mgonjwa mwenyewe analigusa, akikuambia ana "jiwe" ubavuni kushoto.

Tofauti na ini lililoharibiwa na pombe, ini la kichocho mara nyingi bado linafanya kazi zake, kwa hiyo unaweza kukuta kijana ambaye macho yake hayana umanjano wowote na bado anatapika lita nzima. Msichanganye na kichocho cha mkojo wenye damu, ambacho ni cha malambo na mashamba ya mpunga huko ndani, Kwimba na Misungwi. Minyoo yao ni ndugu, tabia tofauti.

Kazi ya muuguzi wakati huo: mlaze kwa ubavu ili asivute damu mapafuni. Weka kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, mkono huu na huu, mapema, kabla mishipa haijajificha. Chukua damu ya kupima kundi. Asile wala asinywe. Presha na mapigo kila dakika 15. Pima alichotapika kwa jagi, usiandike "damu nyingi". Angalia na choo pia. Choo cheusi kinachong'aa kama lami ni damu iliyopita tumboni, na wagonjwa wengi hawakitaji mpaka waulizwe. Usimpe diklofenaki wala aspirini. Akiongezewa damu, hatujazi mpaka wingi wa damu (Hb) ufike 12. Tunalenga 7 au 8, kwa sababu ukijaza sana shinikizo linarudi na mshipa unapasuka upya.

Baadaye ataandikiwa propranololi kupunguza shinikizo. Pima mapigo kabla ya kumpa. Yakiwa chini ya 55 au presha ya juu ikiwa chini ya 90, iache kwanza na uulize. Prazikwanteli inaua minyoo, lakini kovu kubwa la ini halifutiki. Kwa hiyo ukimwona huyu mvuvi, uliza pia kuhusu watoto wake.

Kuna masharti gani ya kutundika damu?

Watu wawili wahakiki pamoja, kitandani, wakimuuliza mgonjwa jina lake. Usimwambie "wewe ni fulani?", maana mwenye homa ataitikia jina lolote. Damu ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye jokofu, imalizike ndani ya saa 4. Dakika 15 za mwanzo ianze polepole na usiondoke. Akitetemeka, akilalamika kiuno, akitoka upele au akibanwa pumzi: funga, badilisha mrija, weka salaini, ita daktari, na mfuko urudi maabara pamoja na kilichobaki. Dawa yoyote isipite kwenye mrija wa damu.

Nahesabuje matone ya dripu?

Mililita zidisha kwa matone ya mrija kwa kila mililita, gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, mrija wa matone 20: 1000 mara 20, gawanya kwa 480, unapata kama 42 kwa dakika. Mrija ukiwa wa matone 15, ni 31. Namba iko kwenye pakiti ambayo umeshaitupa kwenye ndoo, iokote uisome. Baada ya hapo rudi ukaangalie, kwa sababu mgonjwa akikunja kiwiko hesabu yako yote imekwisha. Na kama ndani kuna potasiamu, usithubutu kuiharakisha. Potasiamu haisukumwi kwa bomba la sindano hata siku moja, inasimamisha moyo.

Na sindano ya malaria kali?

Artesuneti kwa mtu mzima ni miligramu 2.4 kwa kila kilo. Mwenye kilo 60 anahitaji miligramu 144. Kichupa kina 60, kwa hiyo utafungua vitatu. Ukichanganya kwa ajili ya mshipa kila mililita inakuwa na miligramu 10, hivyo utavuta 14.4. Itumike ndani ya saa moja, ichomwe polepole, isitiwe kwenye dripu. Dozi ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza, na hapo amalize dozi kamili ya vidonge vya mseto. Aliyeanza saa tatu usiku, ya pili ni saa tatu asubuhi. Usimsogeze kwenye saa ya troli ya dawa kwa sababu inakurahisishia.

Mwambie arudi kupima wingi wa damu katika wiki nne zinazofuata. Wapo ambao damu hupungua baadaye, malaria ikiwa imeshaondoka.

Bibi amepata kiharusi, hajala tangu jana. Kwa nini mnatukataza kumpa uji?

Najua inauma. Nimemwona mjukuu akimlisha bibi yake amelala chali, kijiko kwa kijiko, kwa upendo wote, na bibi hakohoi hata kidogo. Kutokukohoa ndiko kulikonitisha. Upande wa koo uliopooza hausikii, uji unateremka kimyakimya mapafuni, na siku ya tatu tunapata homa na nimonia.

Kwanza tunampima kumeza. Anakalishwa wima, anatolewa uchafu mdomoni, anapewa kijiko kimoja cha chai cha maji. Tunatazama koo likipanda, tunasikiliza kama anakohoa, tunamwomba aseme "aaa". Sauti ikiwa ya majimaji, tunaacha. Vijiko vitatu vikipita salama, nusu kikombe. Akishindwa, anawekewa mpira wa pua, na uji wa lishe uliochujwa unapita huko, kichwa kikiwa juu kabla, wakati na nusu saa baada ya kulishwa. Kila mara tunahakikisha mpira haujahama kabla ya kumimina kitu.

Wako wanaoniambia bibi ametupiwa kitu na wanataka kumtoa wampeleke kwa mtaalamu. Sibishani. Naomba tu asilishwe akiwa amelala, popote atakapokuwa.

Kumgeuza mgonjwa asiyejigeuza kila baada ya saa mbili ni lazima?

Ndiyo, hata saa tisa usiku. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Pitisha mgongo wa kidole kwenye nyonga, mkiani na visiginoni; palipo na joto, pagumu, panapong'aa au peusi kuliko pembeni, kidonda cha kulalia kimeanza. Usipasugue. Glavu zilizojazwa maji chini ya kisigino, ambazo tumezirithi kutoka kwa waliotutangulia, hazisaidii. Kunja kitenge, weka chini ya shavu la mguu, kisigino kielee.

Mbona mnatupatia jagi tupime mkojo?

Kwa sababu figo haiongei. Mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe walau mililita 30 kila saa. Andika kila kilichoingia, pamoja na uji, supu na maji ya kumezea dawa, na kila kilichotoka. Mwenye moyo uliovimba tunampima na uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai; akiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, hajanenepa, ni maji.

Mgonjwa wa kifua anahisi baridi. Tufunge dirisha?

Hapana. Ongezeni blanketi.

Nimuulizeje kuhusu dawa za kienyeji?

Usimuulize "umekunywa miti shamba?" kwa sauti ya polisi, atakataa. Uliza, "Kabla ya kuja huku mlimsaidia na nini nyumbani?" Nimepata majibu kwa njia hii ambayo raundi tatu za madaktari hazikuyapata, na mara mbili ndiyo yaliyoeleza kwa nini figo zilisimama ghafla. Andika jina wanalolitaja, lini, na kiasi gani.

Mgonjwa anaongea Kisukuma tu, nami nimetoka Tanga.

Jifunze salamu: "mwangaluka" asubuhi, "mwadila" jioni. Itakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Kwa maelezo ya ugonjwa tafuta mhudumu anayeijua lugha. Usimtumie mtoto wa mgonjwa kumtafsiria baba yake maswali ya mkojo na unyumba. Mzee atajibu "hapana" kwa kila kitu.

Tumletee chakula gani?

Inategemea kitanda. Wa moyo na wa presha, sahauni samaki wa chumvi na mchuzi wa viungo vya pakiti. Wa figo, ulizeni kwanza kabla ya kuleta ndizi au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), vina potasiamu nyingi. Wa sukari, ugali anakula, ila tunapima kiasi, na asile saa anayojisikia huku insulini ikichomwa saa nyingine. Sato wa kuchemsha na limau, bila chumvi, karibu kila mgonjwa anaruhusiwa.

Na bakuli likirudi na chakula nusu, msilioshe kwanza. Nionyesheni.